Kutenganisha Injini na Giaboksi: Historia Fupi ya Chuma na Vitenzi Vyake

1. Utangulizi

Katika shughuli za kuunda na kusanifisha istilahi, swali linalotufikia mara nyingi ni moja: kitu hiki kiitweje kwa Kiswahili? Wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na waandishi wa vitabu hutuletea majina ya vitu, nasi huyatafutia majina yanayolingana nayo. Ni nadra mtu kutuletea kitendo na kuuliza: jambo hili husemwaje linapotendwa? Matokeo yake ni kwamba orodha nyingi za istilahi za ufundi zimejaa nomino, na vitenzi vimeachwa vijitafutie njia vyenyewe.

Katika makala hii nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hilo ni upungufu, na kwamba upungufu wenyewe una gharama. Mfano nitakaoutumia umetoka gereji: kazi ya kutenganisha injini ya gari na giaboksi yake ya kubadilisha kwa mkono. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi ya kila siku. Klachi ya gari ikiisha, katika magari mengi hakuna njia ya kuifikia ila kuitenga giaboksi na injini, kwani klachi imekaa katikati ya viwili hivyo. Pili, ni kazi ambayo karibu majina ya vifaa vyake vyote ni ya mkopo, na karibu vitenzi vyake vyote ni vya Kiswahili asilia. Basi humo twaweza kuona waziwazi lugha yetu ilipokopa, ilipojitegemea, na ilipojikwaa.

2. Jinsi chuma kilivyoungana

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba injini na giaboksi hazikuzaliwa zimeungana. Gari la magurudumu matatu ambalo Karl Benz alilipatia hataza huko Ujerumani tarehe 29 Januari 1886 halikuwa na giaboksi kabisa. Nguvu ya injini ilipelekwa kwa ukanda, na mwendeshaji alipotaka gari lisimame alisogeza ukanda huo kutoka kwenye kapi iliyoshikamana na mhimili hadi kwenye kapi iliyozunguka bure. Kutenga nguvu, kwa hiyo, kulikuwa ni kusogeza ukanda tu.

Mpango tunaoujua leo ulianzia Ufaransa. Mwaka 1891 kampuni ya Panhard et Levassor, kwa ubunifu wa Émile Levassor, iliweka injini mbele ya gari, ikafuatiwa na klachi, kisha giaboksi yenye magurudumu ya meno ya kuteleza, halafu magurudumu ya nyuma yakaendeshwa kwa minyororo. Mwishoni mwa karne hiyo Louis Renault aliondoa minyororo na kutumia shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma. Mpango huo ulienea, na kwa miaka mingi ndio ulioitwa gari.

Hata hivyo, katika magari mengi ya wakati huo injini na giaboksi vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Kila kimoja kilifungwa peke yake kwenye fremu, na kati yao pakawa na shafti fupi. Hata gari mashuhuri la Rolls-Royce la mwaka 1906, lililokuja kuitwa Silver Ghost, lilikuwa na giaboksi iliyokaa mbali na injini. Fundi wa zama hizo aliyetaka kuigusa klachi alifungua shafti ile fupi, kazi ikaanza. Lakini fremu za chuma hujipinda gari linapopita mashimoni, na zikijipinda vitu hivi viwili hupotezana mstari. Hapo ndipo wahandisi walipoona faida ya kuviunganisha viwe kitu kimoja kigumu.

Gari lililoeneza muungano huo duniani ni Ford ya aina ya T, iliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hadi 1927, jumla ya magari kiasi cha milioni 15. Ndani yake injini, flaiwili na gia zilikaa katika umbo moja na kuoga oili moja. Gia zenyewe hazikuwa za kuteleza. Zilikuwa za kuzungukana, na dereva alizitawala kwa miguu, si kwa fimbo ya mkono. Ford ilipobadilisha gari hilo mwishoni mwa mwaka 1927, gari jipya la aina ya A lilikuja na klachi kavu na giaboksi ya fimbo, imefungwa nyuma ya injini kwa bolti. Kufikia wakati huo mtindo wa kuifunga giaboksi moja kwa moja kwenye injini, kwa kutumia kifuniko kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, ulikwisha kuwa wa kawaida. Mwaka 1928 Cadillac ilileta gia zinazolinganisha mwendo kabla ya kuumana, lakini jambo hilo lilibadilisha tumbo la giaboksi tu. Namna ya kuifunga na injini ilibaki vile vile.

Kuanzia hapo kila mtengenezaji alitafuta njia yake, na kila njia ikawapa mafundi kazi yake. Katika Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, iliyobuniwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, injini iko nyuma, nayo imeshikwa na giaboksi kwa bolti na nati nne. Fundi huiacha giaboksi ndani ya gari, akaichomoa injini kwa kuivuta nyuma na kuiteremsha. Katika Land Rover iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 mambo ni kinyume: injini huweza kubaki mahali pake, lakini viti, sanduku la viti na mbao za sakafu huondolewa, giaboksi ikainuliwa juu kupitia ndani ya chumba cha dereva. Katika Mini ya mwaka 1959, iliyobuniwa na Alec Issigonis, giaboksi imo chini ya injini, vimetumia oili moja, na vyote viwili hutoka pamoja kabla ya kutenganishwa. Fiat 128 ya mwaka 1969 ililaza injini kukingama na kuitia giaboksi ubavuni mwake, na mpango huo ndio ulioshinda. Toyota Corolla nyingi zilihamia katika mpango huo kuanzia mwaka 1983, na kwa njia hiyo ukaingia katika kila mtaa wa miji yetu. Humo hamna tena shafti ndefu ya kupita chini ya gari. Fundi hutoa ekseli mbili fupi za magurudumu ya mbele, ndipo aifikie giaboksi.

Kwa hiyo katika muda wa miaka mia moja umbo la kitu limebadilika mara nyingi. Vitendo havikubadilika: kulegeza, kufungua, kutegemeza, kuchomoa, kutua, na baadaye kutweka, kuchomeka, kufunga, kukaza. Anayetaka istilahi za kudumu afikirie jambo hilo.

3. Jinsi maneno yalivyoingia

Kamusi ya Ludwig Krapf ilichapwa London mwaka 1882, miaka minne kabla ya hataza ya Benz. Humo hatuwezi kutazamia kulikuta gari la injini. Lakini lugha iliyokusanywa humo haikuwa lugha ya watu wasiojua mitambo. Ilikuwa lugha ya watu wa majahazi, waliojua kufunga na kufungua, kutweka na kutua tanga, kupitisha kamba katika kapi, na kupachika mlingoti mahali pake.

Magari yalipofika pwani yetu yalikuta hazina hiyo. Mwaka 1907 ofisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, na mwaka 1909 akafika Swakopmund, upande wa pili wa bara. Katika vita vya 1914 hadi 1918 magari, yakiwemo ya Ford, yalitumiwa na majeshi ya Waingereza katika nchi hii kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, ingawa mzigo mkubwa wa vita hivyo ulibebwa kichwani na wapagazi. Baada ya vita malori yalizidi kuongezeka, na pamoja nayo madereva na mafundi wenyeji. Hao ndio waliokuwa wanaistilahi wa kwanza wa gari.

Tukiyatazama maneno yao twaona tabaka tatu. La kwanza ni maneno yaliyohama kutoka baharini. Usukani, neno lenye asili ya Kiarabu, ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari. Abiria na shehena walikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa basi na lori. Tabaka la pili ni maneno tuliyokuwa nayo kutoka kwa wageni wa zamani: gari lilitoka Bara Hindi, bomba na parafujo vilitoka kwa Wareno. La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni maneno ya Kiingereza yaliyopewa sauti za Kiswahili: injini, gia, klachi, breki, spana, jeki, bolti, nati, tairi, dereva. Huko Kongo, ambako Kiswahili kilipakana na Kifaransa, gia ikawa vitesi na dereva akawa shofere. Kitu kilikuwa kimoja, lakini mlango wa kuingilia ulikuwa mwingine.

Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 chini ya Frederick Johnson ilishughulika zaidi na vitabu vya shule na tahajia. Mafundi hawakuingojea. Vivyo hivyo, Kiswahili kilipoagizwa kutumika katika shughuli za serikali ya Tanzania mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili kuundwa mwaka huo huo, gereji zilikuwa na umri wa nusu karne na lugha yake imekwisha kukomaa. Ni haki kusema kwamba katika uwanja huu mwanaistilahi hakuja kupanda shamba jipya. Alikuja kupalilia shamba la wenyewe.

4. Majina ya mkopo, vitenzi vya nyumbani

Wapo wanaosikitika wakisikia maneno kama klachi, flaiwili na presha pleti. Mimi si mmoja wao. Jina la mkopo likikwisha kukubaliwa na watumiaji, likachukua ngeli yake, likatamkika, huwa limekuwa mali yetu. Mtu husema giaboksi hii imekufa, giaboksi hizi zimekufa, bila kusita. Kulibadilisha kwa sanduku la gia ni kufasiri Kiingereza neno kwa neno, na faida yake siioni. Giaboksi ibaki.

Lakini jina la mkopo lina udhaifu mmoja ambao yafaa tuukiri. Halielezi kitu. Mwingereza asikiapo jina lake la klachi husikia ndani yake kitenzi cha kukamata kwa nguvu, kama mkono unaokaza kitu. Mjerumani husikia kitenzi cha kuunganisha. Mfaransa ana jozi ya vitenzi, kimoja cha kuitia klachi kazini na kimoja cha kuitoa, na hicho cha pili kimefika hadi kuwa jina la kuacha kazi kwa mgomo. Mswahili asikiapo klachi hasikii chochote ila jina. Basi kazi ya kueleza, ambayo katika lugha zile hugawanywa kati ya jina na kitenzi, katika Kiswahili huiangukia kitenzi peke yake.

Bahati njema ni kwamba vitenzi vya Kiswahili vina uwezo wa kuibeba. Kwa kazi ya kutenganisha, lugha yetu ina chombo ambacho lugha nyingi hazina: kauli ya kutendua. Kitenzi kimoja hugeuzwa kinyume chake kwa kubadilisha mwisho tu. Tazama jozi hizi: funga na fungua, chomeka na chomoa, pachika na pachua, bandika na bandua, ziba na zibua, kunja na kunjua, fuma na fumua, tweka na tua. Kila jozi ni njia ya kwenda na njia ya kurudi. Kitabu cha ufundi kinapomwambia msomaji kwamba kufunga ni kinyume cha kufungua, kwa Kiswahili agizo hilo limo ndani ya neno lenyewe.

Zaidi ya hayo, kila jozi ina picha yake, nayo si sawa na ya nyingine. Kubandua ni kutoa kitu kilichogandamana na uso wa kingine. Kupachua ni kutoa kilichoegeshwa mahali pake. Kuchomoa ni kuvuta kitu kirefu kutoka katika tundu. Tofauti hizi fundi huzihitaji, kama nitakavyoeleza.

5. Maneno yanayogongana

Pamoja na utajiri huo, mazoea ya gereji yameviacha vitenzi vitatu vibebe maana zaidi ya moja, na maana hizo hugongana.

La kwanza ni kushusha gia. Dereva anayeteremka mlima wa Kitonga, katika barabara ya Iringa, akiambiwa ashushe gia ataitoa ya nne na kuitia ya tatu au ya pili. Fundi akiambiwa ashushe gia atalala chini ya gari na kuanza kufungua bolti. Asili ya tatizo ni kwamba neno gia limefanywa kuwa jina la vitu vitatu: gurudumu la meno, kiwango cha mwendo, na sanduku zima lenye magurudumu hayo. Ndiyo maana nilisema giaboksi ibaki: sababu yake ni kulipunguzia neno gia mzigo.

La pili ni kufungua giaboksi. Katika gereji moja ya Dar es Salaam, nilipokuwa nikikusanya maneno, nilishuhudia mabishano ya mwenye pikapu na fundi juu ya malipo. Fundi alikuwa amesema awali kwamba kazi ya klachi italazimu kufungua giaboksi. Kwake maana ilikuwa kuitoa giaboksi kwenye gari, kubadilisha diski, na kuirudisha ilivyokuwa. Mwenye gari alielewa kwamba giaboksi ingefunguliwa tumbo, gia zikaguliwe moja moja, na zile zilizolika zibadilishwe. Alipolipeleka gari barabarani na kuisikia gia ya pili ikilia kama zamani, aliamini amedhulumiwa. Nao wote wawili walikuwa wakweli, kila mmoja kwa maana yake ya neno moja.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni kuachia klachi. Mwalimu wa udereva humwambia mwanafunzi: achia klachi polepole. Maana yake ni kuinua mguu, na mguu ukiinuka diski hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti, nguvu ikapita, gari likaondoka. Kwa mwalimu huyu, basi, kuachia klachi ni kuifanya ishike. Lakini fundi akisema klachi hii haiachii, maana yake ni kwamba mguu ukikanyaga hadi chini, diski bado inazunguka na flaiwili, na gia hazikubali kuingia. Kwa fundi huyu, kuachia ni kinyume cha kushika. Neno lile lile, juu ya kifaa kile kile, lina maana mbili zinazopingana. Mwanafunzi wa ufundi aliyefundishwa udereva kwanza husoma sentensi ya kitabu na kuielewa juu chini. Ataambiwa kwamba dalili ya ugonjwa ni klachi kutoachia, naye ataanza kutafuta diski iliyolika, ilhali ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi uko kwenye waya au silinda ya klachi, au diski imegandana na flaiwili kwa kutu. Hapo atatenganisha injini na giaboksi bila sababu, siku nzima ipotee, na mwenye gari alipe.

Wafasiri nao wana mtego wao. Wamarekani huiita giaboksi kwa jina ambalo Waingereza hulitumia kwa mfumo mzima wa kupeleka nguvu, kuanzia klachi hadi magurudumu. Mfasiri aliyezoea vitabu vya Uingereza akikifasiri kitabu cha Marekani anaweza kumwagiza fundi aondoe mfumo mzima, mahali alipotakiwa kuondoa sanduku moja.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo napendekeza mambo yafuatayo. Hayaongezi neno jipya hata moja katika lugha; yanagawa kazi kwa maneno tuliyo nayo.

(a) Neno gia litumike kwa gurudumu la meno na kwa kiwango cha mwendo tu. Sanduku zima liitwe giaboksi daima, katika vitabu na katika mitihani.

(b) Kuhusu pedali ya klachi, vitenzi viwe kukanyaga na kuinua mguu. Kuhusu klachi yenyewe, vitenzi viwe kushikana na kuachana: diski na flaiwili zimeshikana, diski na flaiwili zimeachana. Kauli ya kutendana yafaa hapa kwa sababu hueleza vitu viwili vinavyokutana na kufarakana bila kuhama nyumbani mwao. Hivyo sentensi ya kitabu itakuwa: ukikanyaga pedali, diski na flaiwili huachana, ukiinua mguu, hushikana. Hakuna atakayeielewa juu chini. Kuachia, kwa dereva, kunaweza kuendelea kuishi katika mazungumzo. Katika maandishi ya ufundi tukuepuke.

(c) Kutenganisha kuwe jina la kazi nzima ya kuitenga giaboksi na injini. Kushusha giaboksi, au kuitoa, kuwe ni kuiondoa kwenye gari ikiwa nzima. Kufungua kubaki kwa bolti, nati na parafujo.

(d) Kuigawa giaboksi yenyewe viungo viungo kuitwe kufumua giaboksi. Tunafumua mshono na tunafumua nywele zilizosukwa, yaani kile kilichofumwa kwa mpango hurudishwa nyuzi nyuzi. Giaboksi ni kitu kilichofumwa kwa chuma. Fundi akisema ataishusha bila kuifumua, mwenye gari atajua analipia nini.

(e) Kitendo cha kuitoa shafti ya giaboksi katika klachi kiitwe kuchomoa, na cha kuirudisha kiitwe kuchomeka. Visibadilishwe kwa kuvuta, kung'oa au kusukuma.

Pendekezo hili la mwisho linahitaji maelezo, kwani ndilo lenye hatari ndani yake. Shafti ya giaboksi hupita katikati ya diski ya klachi, na meno yake huingia katika meno ya diski. Ncha yake huishia katika beringi ndogo au bushi katikati ya flaiwili au ya krenki. Bolti zote zikiisha kufunguliwa, kinachoishikilia giaboksi ni shafti hiyo tu pamoja na jeki iliyo chini yake. Jeki ikiwa haikutegemezwa sawasawa, uzito wote huilalia shafti, nayo huipinda diski. Basi giaboksi hurudishwa nyuma kwa mstari ulionyooka hadi ncha itoke kabisa, ndipo iteremshwe. Hiyo ndiyo maana kamili ya kuchomoa: kitu hutolewa kwa njia ile kilichoingilia. Kung'oa humpa msomaji picha ya kutikisa huku na huku, kama mtu anayeng'oa jino au kisiki. Na hivyo ndivyo diski zinavyoharibika.

Vivyo hivyo wakati wa kurudisha. Kwanza diski huwekwa katikati kwa kutumia shafti ya zamani au kijiti cha kipimo, na presha pleti ikafungwa juu yake. Kisha giaboksi hutwekwa, huchomekwa hadi nyuso mbili zikutane zenyewe, ndipo bolti zikazwe. Ikiwa haiingii, fundi mwenye subira huzungusha shafti kidogo ili meno yapate meno wenzake. Fundi asiyetofautisha kuchomeka na kukaza huzitumia bolti kuivuta giaboksi kwa nguvu, na masikio ya giaboksi, ambayo mara nyingi ni ya alumini, huvunjika. Kitabu kikisema: chomeka kwanza, kaza baadaye, kimekwisha kufundisha nusu ya kazi kwa maneno manne.

Kuhusu nomino naongeza moja tu. Kile kifuniko kipana kinachounganisha injini na giaboksi na kuificha klachi ndani yake, Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wote wamekiona kama kengele na kukiita hivyo. Umbo hilo nasi twaliona. Kengele ya klachi ni jina linalojieleza, nalo halimnyang'anyi fundi neno alilolizoea.

7. Hitimisho

Nimeeleza kwamba injini na giaboksi vilianza vikiwa mbalimbali, vikaungana, na tangu hapo kuvitenganisha kukawa kazi ya kila gereji. Nimeeleza pia kwamba majina ya vifaa hivyo yalikopwa pamoja na vifaa, lakini vitenzi vilitoka nyumbani, vingine kutoka katika jahazi na vingine kutoka katika ufumaji na useremala. Magari yajayo yatakuwa na sehemu nyingine. Katika magari mengi ya leo giaboksi hujibadilisha yenyewe na pedali ya klachi haimo. Katika yale ya umeme hakuna klachi kabisa. Orodha za nomino zitaendelea kuchakaa na kuandikwa upya. Kufunga na kufungua, kuchomeka na kuchomoa, kutweka na kutua vitabaki.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila kamati ya istilahi za ufundi, inapoandaa orodha ya majina ya vifaa, iandae pamoja nayo orodha ya vitendo vinavyotendwa kwa vifaa hivyo, kila kitenzi na kinyume chake. Orodha hiyo ipelekwe kwa mafundi kabla ya kupelekwa kwa wachapaji. Wasomaji walio karibu na gereji, viwanda, karakana za reli na vyombo vya uvuvi wanaombwa watuletee vitenzi wanavyovisikia, pamoja na sentensi vilimotumika na mahali viliposikiwa. Hasa tunavihitaji vile ambavyo watu wawili hugombana juu ya maana yake, maana hivyo ndivyo vinavyostahili kushughulikiwa kwanza.